"Hii inanijibu nini?" Wiki 7 za kazi, swali analiuliza siku ya kukabidhi!

Wakuu, natoka kikaoni sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule bwana mnamjua. Anaagiza "dashibodi ya mauzo", yaani ukurasa wa chati na namba za mauzo, ukimuuliza ya nini anajibu "weka kila kitu, tutaona mbele ya safari".

Nikaweka kila kitu. Wiki 7! Nimeunganisha majedwali 14, nimeandika SQL (amri za kuchota data) ndefu kama kamba ya kisima, nimefuta wateja waliojirudia mpaka nikawa nawaota usiku kwa namba zao. Leo naiwasha ukutani, idara nzima imekaa, bwana anakunja mikono: "Sawa. Hii inanijibu nini?"

HII INANIJIBU NINI! Mbele ya watu!

Si ndilo nililomuuliza siku ya kwanza? Nilimwambia: unataka kuamua nini, upandishe bei, upunguze bidhaa, uwafuate wateja wanaohama? Akasema "wewe ndiye mtaalamu, data itasema". Data haisemi bila kuulizwa! Kumbe alichotaka ni kujua wangapi wananunua mara moja wasirudi. Safu mbili! Ningempa siku ileile. Akamalizia "niletee tu kwenye Excel". La Excel nimelimeza, ila "inanijibu nini" limenikaa kooni kama mwiba.

Mchimba Safu: Pole mkuu. Wangu aliomba idadi ya "wateja hai". Idara ya masoko wanahesabu aliyenunua ndani ya siku 30, idara ya fedha siku 90. Namba mbili kikao kimoja, mwongo nikawa mimi.

Jicho Kavu: Mleta uzi, nawe! Mtu kasema "weka kila kitu" ukaweka? CRISP-DM, mwongozo wa hatua za kazi za data, ipo tangu miaka ya 1990, na hatua yake ya kwanza ni kuelewa biashara. Ungemchorea chati karatasini kwa namba za kubuni, umuulize "hii ikishuka utafanya nini?" Akikosa jibu, haijengwi.

Mleta uzi: NILIMUULIZA! Soma uzi! Halafu ananigeuzia mimi, watu wote wananitazama, eti inanijibu nini!

Jicho Kavu: Uliuliza mara moja ukajifungia wiki 7.

Mama Jedwali: Wako angalau kauliza. Wangu alisema "safi sana", akapiga makofi. Miezi 4 sasa, naangalia kumbukumbu za mfumo, hajaifungua hata siku moja.

Mchimba Safu: Na wale wanaotaka data ya papo kwa papo, halafu wanaitazama Jumatatu tu?

Kapu la Namba: Hao mnawalalamikia bure. Mimi nimeagizwa chati duara ya vipande 20. Ishirini!

Mama Jedwali: Chati duara tutaiongea kesho. Leo nina faili lenye tarehe 03/04, kila tawi linaandika lake. Ni mwezi wa tatu au wa nne?

Mchimba Safu: Wa nne.

Kapu la Namba: Wa tatu, nani kakudanganya?