Hivi jana na kesho zipo kweli au kilichopo ni sasa tu?

Sekunde11
Wakuu habari za muda huu (na kama muda haupo basi habari tu).

Kwenye simu yangu kuna rekodi ya sauti ya marehemu mama, fupi tu, sekunde 11. Anasema "niko njiani, nakuja sasa hivi, msile bila mimi", anacheka kidogo, inaishia hapo. Siku hiyo alifika salama tukala, hakuna tukio lolote, yeye amekuja kufariki miaka kadhaa mbele. Juzi usiku naisikiliza nikaganda hapo kwenye "sasa hivi". Sasa ipi? Maana kwake ilikuwa sasa kweli kweli, kama hii yangu ninayoandikia hapa, hakuwa anajihisi yuko zamani. Na mimi sijihisi niko zamani, ila kuna mtu atakuja kusoma huu uzi miaka 10 mbele na kwake mimi ndo zamani.

Naomba majibu ya akili siyo pole, pole nimeshapewa za kutosha. Ile saa yake ipo, yaani ipo kama chumba cha pili kilivyopo japo nikiwa huku sikioni, au imefutika kabisa imebaki simu na kumbukumbu? Na kesho je, imeshakuwepo huko inatusubiri au haijatengenezwa?

Kigingi
Kilichopo ni sasa mkuu, mengine yote ni kazi ya kichwa. Hebu angalia ulichonacho mkononi: rekodi iko kwenye simu, sasa. Kumbukumbu iko kichwani, sasa. Hata hilo swali la kesho unaliuliza sasa. Hujawahi kushika jana hata mara moja maishani mwako, unashika mabaki yake tu.

Agostino, yule askofu wa Hippo, aliliona hili zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Yaliyopita hayapo tena, yajayo hayajakuwepo, kwahiyo akasema tukitaka kuongea sawasawa tuseme kuna sasa ya yaliyopita ambayo ni kumbukumbu, sasa ya yaliyopo ambayo ni kutazama, na sasa ya yajayo ambayo ni kutarajia. Zote tatu ziko rohoni mwa mtu, siyo huko nje.

mtoro wa hesabu
Kigingi nionyeshe hiyo sasa basi. Tamka "sasa" polepole. Ukiwa kwenye "sa" ya kwanza ile ya pili haijafika, ukifika ya pili ya kwanza imeshaenda zake. Umebaki na nini mkononi hapo? Huyo huyo Agostino ilimtesa hii, ukiikata sasa unakata mpaka inaisha haina upana. Kwahiyo jana haipo, kesho haipo, na kilichobaki katikati hakina hata unene wa unywele. Yaani hatupo 😂

Kigingi
Ncha ya sindano nayo haina upana wa maana ila ikikuchoma utajua ipo.

Lenzi
Tatizo la Kigingi siyo udogo wa sasa, ni kudhani kuna sasa moja ya ulimwengu mzima.

Kwanza tutoe kitu rahisi njiani. Watu wakisikia nuru ya jua inachukua kama dakika 8 na sekunde 20 kutufikia wanasema "ahaa kumbe tunaona zamani". Sawa, ila hiyo ni habari kuchelewa tu. Ni kama unavyomuona mtu kwa mbali anagonga nyundo, nyundo inashuka kimya kimya, inanyanyuka, afu ndo mlio unakufikia, akiwa mita 340 unachelewa kama sekunde 1. Unatoa muda wa safari unapata wakati wenyewe, hakuna maajabu.

Maajabu yanaanzia kwa Einstein 1905. Alionyesha kwamba hata ukishatoa muda wote wa safari wa nuru, watu wawili wanaokwenda mwendo tofauti hawatakubaliana ni matukio gani yametokea kwa pamoja, na hakuna aliyekosea kati yao. Kwa umbali wetu wa kila siku tofauti ni ndogo kiasi hakuna anayeiona. Ila chukua watu wawili wanapishana barabarani kwa miguu, mwendo wa kawaida tu, mmoja anaelekea upande wa Andromeda, galaksi (kundi kubwa mno la nyota) iliyo mbali na yetu, na mwenzake anaipa mgongo. Galaksi hiyo iko kama miaka ya nuru milioni 2.5, yaani nuru yake inachukua miaka hiyo yote kutufikia. Ukipiga hesabu, "sasa hivi" ya kule Andromeda kwa huyu na "sasa hivi" ya kule kwa yule zinapishana kama wiki nzima! Kwa mmoja kuna jambo huko limeshatokea, kwa mwenzake bado siku kadhaa, na wao wako bega kwa bega wanapishana wakisalimiana.

Sasa Kigingi anasema kilichopo ni sasa tu. Sasa ya nani? Kama lile jambo lipo kwa huyu na yule yupo hapa hapa pembeni yake, utamwambiaje yule kwamba kwake halipo? Mwanafalsafa Hilary Putnam alibeba hoja ya namna hii 1967 akafika mpaka mwisho, kwamba yajayo nayo ni halisi kama hili la leo. Yote yapo, ila kila tukio liko sehemu yake kwenye muda, kama vijiji kwenye ramani.

Kigingi
Lenzi umepiga hesabu vizuri ila hiyo wiki moja hakuna mtu atakayeipima. Hao wawili wakitaka kujua kilichotokea huko watasubiri nuru miaka milioni 2.5, na ikifika wote wataona kitu kimoja. Kwahiyo hizo "sasa" za mbali ni mistari umechora wewe kwenye karatasi.

Lenzi
Kupishana kwa saa zenyewe siyo karatasi. 1971 wanasayansi Hafele na Keating walipanda ndege za abiria na saa za atomiki (saa zenye usahihi mkubwa kupita kiasi) wakazunguka dunia, mara moja kwenda mashariki na mara moja kwenda magharibi. Za mashariki zilirudi ziko nyuma ya zile zilizobaki chini kwa kama nanosekunde 59 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde), za magharibi zikawa mbele kwa 273. Ila nakubali kitu kimoja, hilo linathibitisha kwamba hakuna saa kuu moja inayogonga kwa wote, halithibitishi moja kwa moja kwamba kesho ipo. Hapo katikati kuna kamruko na wengi wanakaruka bila kusema.

mama wawili
Mi fizikia yenu siijui ila niwaulize. Wiki iliyopita nimeng'olewa jino, la mwisho kule nyuma, mzizi ulikuwa umejikunja kama ndoano, ganzi ikakataa kushika vizuri, nimekaa pale kwenye kiti nimeng'ang'ania mikono ya kiti mpaka vidole vikafa ganzi vyenyewe (vidole ndo vikapata ganzi, jino likakosa). Nilivyotoka nje nikasema jamani afadhali limeisha. Sasa kama Lenzi anasema yale maumivu bado yapo huko kwenye kijiji chake kwenye ramani, yapo vile vile hayajapungua hata chembe, hiyo afadhali yangu ni afadhali ya nini?

Lenzi
Dada hilo swali lako lina historia. Mwanafalsafa Arthur Prior aliliandika 1959, karibu neno kwa neno: mtu akishukuru kwamba jambo limeisha, hashukuru kwamba liko tarehe fulani. Tarehe ulikuwa unaijua hata kabla ya kwenda, mbona hukushukuru tangu siku hiyo?

Jibu letu sisi wa ramani ni kwamba wewe wa leo uko upande wa baada ya jino, na mwili umeumbwa kuogopa kilicho mbele siyo kilicho nyuma.

mama wawili
Hilo jibu ungekuja kunipa nikiwa kwenye kile kiti 🙄

Sarufi
Naona mnagombana kuhusu vitu na ugomvi wenyewe uko kwenye maneno. "Sasa" ni ndugu yake "hapa". Nikisema hapa ni hapa nilipo, ukisema wewe ni hapo ulipo, na hakuna anayeuliza "hapa ya kweli ni ipi" au kudai kwamba pale hapapo kwa sababu siyo hapa. Mama yake Sekunde11 alivyosema sasa hivi alikuwa anaonyesha kidole pale aliposimama kwenye muda. Ni hivyo tu.

Mwanafalsafa McTaggart mwaka 1908 alitenganisha namna mbili za kupanga matukio. Moja ni ilikuwa, iko, itakuwa, na hiyo inabadilika kila dakika. Nyingine ni kabla na baada, hiyo haibadiliki milele. Kiswahili kinaonyesha vizuri sana. Kwenye kitenzi mara nyingi huwezi kukwepa, utapachika -li- au -na- au -ta- au ndugu zao. Ila sema "1905 ni kabla ya 1971". Hiyo "ni" haina wakati wowote, ilikuwa sahihi 1950 na itakuwa sahihi mpaka jua lizime. (McTaggart mwenyewe alimalizia kwa kusema muda wote si halisi, huko sikumfuata.)

Halafu nashangaa tumefika hapa bila mtu kumtaja Mbiti. John Mbiti, mwanafalsafa Mkenya, 1969, alichukua maneno yetu mawili Sasa na Zamani akayafanya istilahi. Kwake Zamani siyo shimo la kufutia vitu, ni ghala, mambo yanatoka kwenye Sasa yanarudi nyuma kuingia humo. Na marehemu anabaki kwenye Sasa muda wote ambao yuko hai mtu aliyemjua na anayemkumbuka kwa jina. Wa mwisho akiondoka ndo anazama Zamani. Alipondwa sana kwa kusema fikra za asili za Kiafrika karibu hazina wakati ujao wa mbali, na mimi pale simtetei, ila hili la ghala ndilo Sekunde11 anauliza.

mtoro wa hesabu
Wakati ujao hauna na wakati tuna kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo? Kuna lugha ngapi zina jina la siku ya nne mbele 😂

Sarufi
Siku nne mkuu. Yeye alikataa ya mbali, ya karibu aliikubali. Mtondogoo haujamgusa.

Sekunde11
Nimesoma zote, asanteni. Kinachonisumbua kwa Lenzi ni kesho. Kama ipo tayari mi najisumbua nini, si nilale tu.

Lenzi
Ukilala itakuwepo kesho ya mtu aliyelala. Haipo licha ya unachofanya, ipo kwa unachofanya. Ila kama haikukalii vizuri kuna njia ya katikati, ya mwanafalsafa C. D. Broad 1923: yaliyopita yapo na ya leo yapo, yajayo bado, na ulimwengu unaongezeka tu kwa mbele kama mkeka unaosukwa. Kwa huyo Broad, mama yako na ile saa yake wapo, na kesho iko wazi. Mi naona ule ukingo wa mkeka unarudisha kesi ile ile ya sasa ya nani, ndo maana siikubali, lakini siyo ya kijinga.

Kigingi
Mkeka wenye wafu wote ndani wanaodhani bado ni saa yao. Hapana asante, nabaki na sindano yangu.

Sekunde11
Nimeisikiliza tena sasa hivi (haya Sarufi, kidole). Kwenye sekunde ya 9 anacheka kabla hajaachia kitufe. Nimeandika hiyo sentensi nikaiangalia: kabla *hajaachia*. Ameshaachia miaka mingi, na bado ndivyo tunavyosema, hajaachia. Jana kabla hajafika, kesho kabla hajafika, -ja- ile ile. Sarufi hiyo nayo uniambie.

Sarufi
Duh. Ngoja nilale nayo hiyo.