Protini za ukuaji kwenye ngozi: ni kabla ya kuzaliwa tu?

Mwanabaio: Wakuu naomba msaada, hivi protini za ukuaji (zile zinazoambia seli zikue) kama EGF, FGF na wenzake zinajenga ngozi mtoto akiwa tumboni tu au hata akishazaliwa? Notsi zangu zinachanganya kinoma.

Seli_Hai: Kote kote mkuu. Tumboni dermisi (tabaka la ndani la ngozi) na epidemisi (la juu) zinatumiana meseji muda wote, ndo vinyweleo vinajua viote wapi. Akishazaliwa kazi inaendelea, we mcheki mwanasayansi Stanley Cohen, alidunga panya wachanga dondoo ya tezi za mate, macho yakafunguka siku ya 7 hivi badala ya 12 mpaka 14, kisa ngozi ya kope imekomaa mapema, hapo ndo EGF ikajulikana na Nobel akala 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini.

manyoya_tele: Ongezea FGF5, mmoja wa hao FGF, hiyo inaiambia nywele basi inatosha. Panya, paka au mbwa jeni yake ikiharibika manyoya yanakuwa marefu balaa 😂

Mwanabaio: Na makovu je? Nasikia kijusi hakipati

Seli_Hai: Mwanzoni ndio, kidonda kinafunga safi kabisa, ila mimba ikikomaa kovu linaanza. TGF-beta, protini nyingine ya ukuaji yenye aina kadhaa, inahusika, aina ya 1 inaleta kovu, ya 3 inapunguza, ila usiandike ndo sababu pekee, watakukata maksi.