Modeli ya kuenea kwa mbuyu Tanzania ya kati: je, mgawanyo wa sasa wa miti unatosha?

Mwanafunzi wa Ikolojia, Dodoma
Ndugu wanajukwaa, naandaa modeli ya kompyuta ya kukadiria maeneo yatakayoufaa mbuyu iwapo joto litaongezeka. Ninazo kumbukumbu za mahali mibuyu ilipo, pamoja na takwimu za mvua na joto. Je, niingize pia uwezo wa mti huu kubadilika kijenetiki, yaani kurithisha sifa mpya kizazi hadi kizazi?

Mtafiti wa Misitu
Ndugu, anza na kumbukumbu zenyewe, maana zinaweza kukupotosha kabisa. Mti unaoishi mamia ya miaka, na mingine kupita 1,000, unaonyesha hali ya hewa ya wakati mche wake ulipoota, si ya leo. Ukipita mashamba ya Chamwino utaiona mibuyu mikubwa imesimama, lakini miche ni adimu, kwa kuwa mbuzi huitafuna na jembe huing'oa. Tenganisha data za miche na za miti mikubwa. Hilo halina mjadala.

Mwalimu wa Baiolojia, Singida
Kuhusu jenetiki, mageuzi huhesabiwa kwa vizazi. Ndege aina ya kwelea kwelea huanza kuzaa kabla hata ya kutimiza mwaka, ilhali mbuyu wa porini huchukua miongo kabla ya kuchanua, hivyo katika karne moja hauna vizazi vya kutosha kuendana na kasi ya joto. Nguvu ielekeze kwenye usambazaji wa mbegu: tembo, nyani, na watu wanaosafirisha ubuyu sokoni.

Mwanafunzi wa Ikolojia, Dodoma
Nawashukuru sana, Mtafiti na Mwalimu. Nitaanza na miche.