Kwa nini manowari kubwa za Uingereza zilikimbilia Kilindini mwaka 1942?

Msomaji wa Buruburu
Wanajukwaa, hamjambo? Katika chama chetu cha historia hapa Nairobi tumebishana kuhusu manowari nne, Resolution, Ramillies, Revenge na Royal Sovereign, ambazo Aprili 1942 ziliondolewa katika bahari ya Ceylon (Sri Lanka ya leo) zikatumwa Kilindini, bandari ya Mombasa. Kila moja ilikuwa na mizinga minane ya milimita 381. Iweje zisiweze kuwakabili Wajapani?

Mwalimu wa Ngara
Ndugu, mizinga hiyo isingepata nafasi ya kufyatua. Admirali Nagumo wa Japani alikuja na meli tano za kubeba ndege, na ndege zake zilishambulia kutoka mamia ya kilomita, ilhali kombora la manowari hizo halikufika hata kilomita 30. Tena zilikuwa meli za enzi ya Vita Kuu ya Kwanza, zenye mwendo usiozidi sana kilomita 39 kwa saa, kwa hiyo zisingeweza kumfikia adui wala kumkimbia. Tarehe 5 Aprili ndege hizo zilizamisha meli za kivita za Uingereza Cornwall na Dorsetshire, na tarehe 9 zikaizamisha Hermes, meli ya Uingereza ya kubeba ndege. Kwangu mimi, Admirali Somerville, kamanda wa meli hizo za Uingereza, alifanya jambo la busara kabisa alipoziondoa: aliwaokoa maelfu ya mabaharia.

Mkaazi wa South C
Naongeza kwamba dalili zilikuwepo mapema. Dreadnought, manowari ya Uingereza ya 1906, kwa mizinga yake kumi mikubwa na injini za tabaini, ilizifanya manowari zote zilizoitangulia zionekane za kizamani, na mataifa yakashindana kuunda kubwa zaidi. Lakini Novemba 1940 ndege chache za Uingereza zilizipiga kwa topido (kombora linalopita majini) manowari tatu za Italia bandarini Taranto. Na tarehe 10 Desemba 1941 manowari ya Uingereza Prince of Wales, iliyokuwa mpya, ilizamishwa pamoja na mwenzake Repulse kwa ndege za Japani pekee, zikiwa baharini zinapigana. Hata Yamato, manowari ya Japani yenye mizinga ya milimita 460, ilizamishwa na ndege Aprili 1945 kabla ya kufika kisiwa cha Okinawa.

Mwalimu wa Ngara
Ni kweli, ila tusiseme zilikosa kazi. Ramillies hiyohiyo ya Kilindini, ingawa ilipigwa topido huko Diego Suarez, bandari ya Madagaska, mwezi Mei 1942, ilitengenezwa, na tarehe 6 Juni 1944 ilikuwa pwani ya Normandy, Ufaransa, ikizipiga ngome za mizinga za Wajerumani.