Ulimi wangu ndio uniambie kama vinyama vya utumbo vitarudi?

Mchuuzi wa Xiaobei
Wakuu, habari za jioni. Niko Guangzhou mwaka wa tisa, natuma vipuri Dar na Tanga. Miezi miwili iliyopita niliona damu chooni, nikaenda hospitali moja ya hapa inayochanganya tiba ya Kichina na ya kizungu. Nikapigwa kamera ya utumbo mpana, wakakuta vinyama vitatu, vyote chini ya sentimita moja, wakavikata palepale. Majibu ya maabara: adenoma, yaani si saratani, ila ni aina inayoweza kugeuka ikiachwa. Alhamdulillahi.

Wiki iliyofuata ndiyo iliyonishangaza. Nikaambiwa nitoe ulimi mbele ya sanduku lenye taa na kamera. Mzee mmoja wa koti jeupe akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu kusikiliza mapigo, mkono huu, kisha ule, kimya. Nikajaza maswali kibao: unapenda vya moto au vya baridi, mdomo huwa mchungu asubuhi, choo kinanata? Yote yakaingizwa kwenye kompyuta pamoja na umri wangu na idadi ya vinyama. Mshale wa hatari ukaangukia kwenye nyekundu. Wakasema mwili wangu ni wa "unyevu-joto", aina mojawapo ya miili kwa tiba ya Kichina, vinyama vina uwezekano mkubwa wa kurudi, nirudi baada ya mwaka mmoja, na dawa ya kuchemsha hii hapa, ninywe miezi mitatu.

Nauliza kwa nia njema: ni haki kupima hatari ya mtu kwa kuchanganya ulimi na majibu ya maabara? Nina miaka 52 na watoto wanne.

Mwalimu wa Takwimu
Pole sana ndugu. Swali la kwanza kuwauliza: huo mfumo ukiondoa ulimi na mapigo, ukabakiza umri, idadi na ukubwa wa vinyama, unabashiri vibaya zaidi au vilevile? Kama ni vilevile, ulimi ni pambo tu. La pili: ulijaribiwa kwa wagonjwa wa hospitali nyingine, au ni walewale uliojifunzia? Mfumo ukipimwa kwa watu wake wenyewe lazima ufaulu, ni kama mwanafunzi aliyepewa majibu usiku wa kuamkia mtihani.

Halafu huo mwaka mmoja unanitia shaka. Mwongozo wa Marekani wa 2020 unasema adenoma 3 au 4 ndogo, rudi baada ya miaka 3 hadi 5. Hapo naona biashara, na ushirikina umevalishwa kompyuta.

Nanjing 2009
Mwalimu, mimi ni daktari, nimesoma Nanjing. Neno "ushirikina" lirudishe. Aina tisa za miili zilizopangwa na Profesa Wang Qi wa Beijing zina dodoso lake, na Wachina waliliwekea kiwango rasmi 2009. Mtu wa unyevu-joto mara nyingi ni mla mafuta, mnywaji, asiyetembea, ana kitambi. Hayo hata vitabu vya kizungu vinayataja kwenye vinyama vya utumbo. Ulimi wenye utando mzito wa njano ni njia nyingine ya kuyaona mambo hayohayo.

Na dawa zao zimepimwa. Beberini, inayotoka kwenye mzizi wanaouita huanglian, ilipunguza kurudi kwa vinyama karibu nusu.

Mwalimu wa Takwimu
Si nusu, dokta. Utafiti huo ulitoka 2020 kwenye jarida la Lancet la tumbo na ini, vituo 7 vya China. Waliokunywa beberini vinyama vilirudi kwa asilimia 36, waliokunywa vidonge vitupu asilimia 47. Ni tofauti ya maana, siikatai. Lakini kilikuwa kidonge chenye kipimo, gramu 0.3 mara mbili kwa siku, na hakuna aliyechaguliwa kwa ulimi wake. Huwezi kuchukua heshima ya kidonge hicho ukampa mzee anayeshika mikono.

Ila sishangai. Waliosoma China wengi mnarudi hivyo.

Nanjing 2009
"Hivyo" vipi? Sema.

Nilikaa miaka sita. Wodini wagonjwa wazee walisema lahaja ambayo hata wenzangu Wachina kutoka mikoa mingine hawakuielewa, nikajifunza kuwauliza maumivu kwa mikono. Niliporudi nilikaa mtihani wa Baraza la Madaktari kama kila aliyesoma nje, nikafaulu mara ya kwanza. Nikafanya intaniship mwaka mzima, usiku naitwa mara nne. Leo mtu anayefundisha wastani na mchepuko ananiambia "hivyo".

Mama Wawili
Mwalimu, hapo umekosea. Mdogo wangu kasoma huko pia, kila anapoenda kuomba kazi anaulizwa kwanza "China wapi?" Akiingia chumba cha upasuaji hakuna anayemuuliza tena. Inaumiza sana.

Kijana wa Mbezi
Tuseme ukweli jamani. Wapo waliosoma China vizuri na wapo waliokwenda kwa sababu huku hawakupata alama. Mgonjwa ana haki ya kujua.

Nanjing 2009
Hata huku wapo waliopata alama na hawajui kumgusa mgonjwa. Hilo nalo mgonjwa ana haki ya kulijua?

Mpemba wa Muscat
Assalaam alaykum. Miye neno "ushirikina" ndilo lililonichoma, hayo ya vyeti siyajui. Bibi yangu Wete akikutazama macho na ulimi anakwambia mwili wako umeingia joto, wacha pilipili, kunywa maji ya ukwaju. Joto na baridi ni elimu ya Yunani, imekuja na Waarabu, imekaa pwani karne na karne. Na madaktari wa Kichina wapo Unguja na Pemba tangu 1964, wametuzalisha na kutupasua. Mtu asiyejua asiite ushirikina.

Mwalimu wa Takwimu
Mzee wangu, sikumtukana bibi yako. Bibi yako alikwambia uache pilipili. Hakukwambia kwa mshale mwekundu kwamba utapata vinyama, kisha akakuuzia dawa ya miezi mitatu.

Dokta, kauli ya kusoma China naifuta, haikuwa mahali pake. Swali langu bado lipo: ukiondoa ulimi, mfumo unapungukiwa nini?

Nanjing 2009
Kufuta umefuta, sawa. Lakini hata dawa ya mseto tunayotumia kwa malaria, Watanzania wote, mzizi wake ni maandishi ya kale ya Kichina. Tu Youyou alipewa Nobeli 2015. Wangemcheka, leo watoto wetu wangekuwa wapi?

Kijana wa Mbezi
Tu Youyou alilichuja jani, akalipima kwa panya na kwa watu. Dokta hujajibu swali.

Nesi wa Kamera
Jamani, naomba mnisikilize. Nipo chumba cha kamera mwaka wa kumi na moja, Dar. Mnagombana kuhusu ulimi na vyeti, na mwenye tumbo yuko pembeni anasubiri.

Hili neno "kurudi" lenyewe lina mtego. Kinyama kilichokatwa chote mara nyingi hakirudi palepale. Tunachokikuta baada ya mwaka ni ama kipya, ama kilekile kilichokuwepo mara ya kwanza na hatukukiona. Mapitio ya 2019 yaliyojumlisha tafiti za watu waliopigwa kamera mara mbili yalikuta adenoma zinazokosekana mara ya kwanza ni kama asilimia 26. Robo! Zimejificha nyuma ya mkunjo, au chini ya uchafu. Nimesimama pale daktari anasukuma maji kwa bomba, kinyesi kinaondoka ukutani kama tope, na chini yake kipo kinyama bapa, rangi ileile ya utumbo. Bila yale maji angepita.

Sasa fikirieni huo mfumo. Mwaka ujao ukikuta kinyama, utasema "nilibashiri, kimerudi". Kumbe kilikuwepo. Ulimi ulibashiri nini hapo? Ulibashiri uzembe wa kusafisha tumbo?

Kaka Mchuuzi, kwenye karatasi yako tafuta alama za usafi wa utumbo. Zinaitwa za Boston. Utumbo unagawanywa sehemu tatu, kila moja inapewa 0 hadi 3. Zinaandikwa kwa tarakimu, hata kama karatasi ni ya Kichina utaziona.

Mwalimu wa Takwimu
Dada, hili ndilo jambo zito kuliko yote humu. Kama anayehesabiwa "amerudiwa" ni mtu ambaye kinyama chake hakikuonekana, basi hata mfumo usio na ulimi umejifunza kitu kingine kabisa.

Mama Wawili
Dada nesi, kwani huku kwetu kipimo hicho ni bei gani? Baba yangu ana miaka 67, anatoka damu, anaambiwa bawasiri kila anapokwenda, anapewa dawa ya kupaka.

Nesi wa Kamera
Bei zinatofautiana, uliza hospitali ya rufaa iliyo karibu na kama bima yake inabeba. Lakini mama, miaka 67 na damu, usikubali dawa ya kupaka bila kipimo. Mpeleke wiki hii.

Mpemba wa Muscat
Nesi, na hiyo dawa ya kuchemsha? Anywe asinywe?

Nesi wa Kamera
Asinywe mpaka aandikiwe majina ya mizizi yote, aipeleke kwa daktari mwingine. Ubelgiji miaka ya 1990 wanawake waliharibikiwa figo kwa mizizi ya Kichina ya kupunguza unene. Simaanishi zote ni mbaya. Namaanisha mfuko usio na majina usiuchemshe.

Nanjing 2009
Hapo nakubaliana na dada mia kwa mia. Mgonjwa ana haki ya kupewa majina, hata huko China. Na swali la Mwalimu nalijibu sasa: sijaona wakiulinganisha mfumo wenye ulimi na usio nao kwa wagonjwa wa hospitali nyingine. Ningependa kuona. Naamini ulimi una kitu, lakini kuamini kwangu si kipimo.

Kijana wa Mbezi
Ungesema hivyo tangu mwanzo.

Nanjing 2009
Ningesema, kama nisingeulizwa nimesoma wapi.

Mchuuzi wa Xiaobei
Wakuu, nimesoma yote. Nimeitoa karatasi kwenye bahasha, mtoto wa jirani kanisomea kwa simu. Upande wa kulia 1, katikati 2, kushoto 2. Jumla 5. Halafu kuna mstari mdogo chini, anasema maana yake ni "mabaki, sehemu haikuonekana vizuri". Hakuna aliyeniambia. Kuhusu ulimi nimepewa ukurasa mzima wenye rangi.

Nesi wa Kamera
Basi kaka, huo mwaka mmoja wako una sababu, na si ulimi. Kila sehemu inatakiwa ifike angalau 2. Upande wa kulia una 1, maana yake hatujui kuna nini pale. Utarudi ndani ya mwaka hata kama ulimi wako ungekuwa mwekundu safi kama wa mtoto. Ukiweza usingoje mwaka uishe.

Niambie, siku moja kabla ya kipimo ulikula nini?

Mchuuzi wa Xiaobei
Makande. Jamaa wa Moshi alikuwa amepika, nikaona nisimvunje moyo. Na dawa ya kusafisha niliinywa yote jioni, nikalala.

Nesi wa Kamera
Haya. Safari ijayo siku ya kabla ni wali mweupe, mayai, supu iliyochujwa. Maharage, mahindi, mbegu, mboga za majani, hapana. Dawa nusu jioni, nusu alfajiri, hiyo ya alfajiri ndiyo inayosafisha upande wa kulia. Endelea kunywa mpaka kinachotoka kiwe cha njano, unaona chini ya choo. Na ukiwa kitandani, kabla hawajakuchoma sindano ya usingizi, mwambie daktari: mara ya kwanza kulia ilikuwa 1, naomba upaangalie mara mbili.

Mchuuzi wa Xiaobei
Nimeandika. Naomba mtu aniandikie sentensi hiyo ya mwisho kwa Kichina.

Nanjing 2009
Njoo inboksi ndugu, nakuandikia sasa hivi.