Kibaraza cha Mama 🏠

*Jumatano*

Da Zuhura, 07:12
Assalaam alaikum. Kibaraza kimekaa bure tangu fundi simu ahame. Ijumaa tuwe tumeshajua tunaweka nini. Kila mtu alete wazo moja na bei zake. Neno "tufungue duka" silitaki, maduka pale mtaani ni manne.

Da Zuhura, 08:30
Mbona kimya? Vialama vya bluu naviona.

Sele, 09:05
Waalaikum salaam. Chipsi.

Da Zuhura, 09:06
Wakaanga chipsi wapo wawili tayari. Wazo halitafutwi kichwani, Sele. Rama nilimkalisha kwa Mangi siku tatu na daftari, aandike kila kitu mteja anachoambiwa "hamna". Rama, lete.

Rama, 13:20
Shikamooni. J'pili mpaka J'nne, saa 10 jioni hadi saa 2 usiku:
mkaa wa kopo 14
sabuni ya maji ya kumimina 11
ubuyu 9
barafu 6
mchumba 1 (huyo ni Sele)

Sele, 13:21
😂😂 na nikaambiwa hamna

Mama Rama, 13:25
Barafu sita. Na friji tulikuwa nayo.

Da Zuhura, 13:25
Mama Rama, tusianze.

Mama Rama, 13:26
Mie nimesema barafu tu.

Asha Maskati, 13:48
Hao 11 wa sabuni ni watu 11, au mama ntilie mmoja kapita kila siku?

Rama, 13:50
Hilo sikuandika.

Da Zuhura, 13:52
Basi rudia leo. Andika nani kauliza na alitaka kiasi gani. Anayetaka ya mia mbili na anayetaka lita tano hawalishwi na biashara moja. Mkaa uondoeni. Gunia likifika chini unabaki na chenga, na chenga hainunuliwi. Tena ukuta wa Mama utakuwa mweusi.

Mama Rama, 14:30
Ubuyu ni kazi ya jikoni, ila hesabu yake inadanganya. Kilo moja ya ubuyu, nusu kilo ya sukari, maji kikombe kimoja. Sukari na maji vichemke mpaka shira ivute uzi ukiigusa kwa kijiko, kisha tia rangi, iliki, chumvi kidogo, pilipili ukitaka. Epua ndipo umwage ubuyu, ugeuze upesi. Shira ikiwa nyepesi, ubuyu unalowa, unga unatoka kwenye kokwa na vyote vinagandana. Ikipitiliza, sukari inarudi chenga. Halafu uanike upoe kabisa. Ukifunga wa moto, mvuke unabaki kwenye kifuko, kesho kutwa una ukungu.

Asha Maskati, 14:41
Bei?

Mama Rama, 14:44
Ubuyu 3,000, sukari 1,500, mkaa na vifuko na viungo tuseme 800. Jumla 5,300. Unapata kama kilo moja na nusu.

Asha Maskati, 14:47
Kwa pakiti za gramu 30 ni 50. Kila moja imekula shilingi 106. Ukiuza mia, unawalipa watoto wale ubuyu wako.

Sele, 14:48
Biashara ya thawabu

Asha Maskati, 14:49
Gramu 20 kwa mia, au 30 kwa mia mbili. Na mpimie kwa mizani, si kwa kijiko. Na wanafunzi wakifunga shule mwezi wa sita?

Shemeji Idi, 16:15
Samahani nilikuwa kazini. Mie sabuni, kwa sababu haina likizo. Lita 20: salfoniki (ndiyo asidi yenyewe) lita 1, slesi (ya povu) nusu kilo, sodaashi (ya kupoza asidi) robo kilo iliyoyeyushwa usiku kucha kwenye maji lita 2, gliserini, chumvi, rangi, marashi. Unaanza na salfoniki na slesi, unakoroga mpaka vishikane, unatia maji kidogo kidogo, ndipo sodaashi. Pima kwa karatasi ya kupimia asidi (pH), isome 7 au 8. Wengi hawapimi, ndiyo zile sabuni zinazobabua mikono. Chumvi ndiyo inayoleta uzito, lakini ikizidi sabuni inarudi maji na hairekebishiki kirahisi. Tia kwa kijiko, koroga, tazama. Ndoo iwe ya plastiki, sufuria ya alumini italiwa. Usikoroge kwa fujo, utauza povu: usiku ndoo imejaa, asubuhi imeshuka.

Sele, 16:17
Kama mshahara

Da Zuhura, 16:20
Ahsante Shemeji. Hiyo ndiyo kazi. Tuchange 20,000 kila mmoja, ndoo mbili za majaribio, tuwapelekee mama ntilie chupa moja moja ya bure tuone nani anarudi na pesa. SIDO (wale wa viwanda vidogo) nitapita Ijumaa kuulizia mafunzo na habari za TBS (shirika la viwango) tukija kuweka lebo.

Mama Rama, 16:31
Michango tena. Anashika nani?

Da Zuhura, 16:32
Mimi.

Mama Rama, 16:32
Kama ya friji.

*Ujumbe huu umefutwa*

Mjomba Bakari, 20:55
Nimesoma yote. Kibaraza hicho ni cha dada yangu na dada yangu yu hai. Nani kati yenu kamuuliza? Na asidi haichanganywi kwenye nyumba ambayo wajukuu wanatambaa.

Rama, 21:20
Shikamoo babu.

Mjomba Bakari, 21:21
Marahaba.

*Alhamisi*

Da Zuhura, 06:40
Shikamoo Mjomba. Umesema kweli. Nitakwenda kwa Mama baada ya asri. Kuchanganya kufanyike kwa Shemeji Idi, kibarazani tuuze tu. Au tuanze na ubuyu kwanza. Ijumaa isogee Jumapili.

Shemeji Idi, 06:58
Kwangu sawa, ila sijamwambia mwenye nyumba. Nani ana ndoo ya lita 20 yenye mfuniko? Isiwe ya rangi ya mafuta.

Kaka Hamisi, 11:37
Ninayo. Ina mchele, imo ndani ya friji.

Mama Rama, 11:37
Friji gani?