Naomba ushauri: natafuta asili ya babu yangu aliyevuka Ruvuma kuja kukata mkonge Lindi

Mjukuu wa Mahuta
Wakuu, habari za usiku. Ni mkazi wa Mtwara mjini, umri umeshasogea kidogo. Siku nyingi nimekuwa na hamu ya kujua nimetoka wapi. Babu mzaa mama alikuwa Mmakonde wa ng'ambo, upande wa Mueda, Msumbiji. Alivuka Ruvuma kijana, akafanya manamba kwenye mkonge huko Lindi, baadaye akapanda juu Tandahimba, akaoa na kufia hukohuko. Nilichonacho ni cheti chake cha ubatizo, Ndanda, 1904, basi. Nataka ukoo wake, ndugu zake, hata kijiji alichotoka kama inawezekana. Humu nimesoma kuna watu wamefuatilia hadi vizazi sita. Naanzia wapi? Ningependa kupata kitu cha maandishi kabla ya mwisho wa mwezi. Natanguliza shukrani.

Kangomba Mstaafu
Ngoja waje wenye kujua. Nimekaa paleee na korosho zangu.

Mtani wa Songea
Poleni sana watani. Babu zetu Wangoni ndio waliowatimua Masasi mwaka 1882 mkatawanyika kama kuku, ndiyo maana mpaka leo mnatafutana. Ukiukosa ukoo wako njoo Songea, tunao wa ziada.

Bi Mkubwa wa Chiwata
Huyu mtani asamehewe, hajala.

Mwanangu, hamu hiyo naijua. Sisi tangu utoto tuliambiwa "tumetoka Unguja", tukatembea kifua mbele, watu wa pwani hao. Mpaka siku shangazi yangu anaumwa, hana tena cha kuogopa, akasema: yule mama mkuu wetu hakuzaliwa Unguja, alipelekwa. Manowari ya Waingereza ilikamata jahazi, watoto wakakabidhiwa misheni, na mwaka 1876 akaja Masasi na lile kundi ambalo Askofu Steere alikuwa analirudisha bara. Myao? Mnyasa? Alichukuliwa mdogo, hata mwenyewe hakujua. Karatasi nyingi za wamisionari wale ziko Oxford. Mpwa wangu alikuwa anasoma Uingereza, akaenda kuzitazama. Alichokuta ni Agnes, Agnes, Agnes. Yupi ni wetu? Alinipigia simu tukacheka, halafu nilipokata nikalia kidogo. Nakueleza haya kwa sababu unaweza kufungua mlango ukakuta ukuta.

Karani wa Zamani
Mleta mada, nimenakili vitabu vya parokia kwa mkono miaka mingi, kwa hiyo tega sikio.

Hicho cheti ni nakala ya mstari mmoja tu. Nenda kwenye kitabu chenyewe. Kwa Wakatoliki, pembeni ya mstari wa ubatizo huandikwa baadaye kipaimara na ndoa: lini, parokia gani, na nani. Ukishaijua ndoa, fungua kitabu cha ndoa, humo unaweza kukuta wazazi wa pande zote mbili. Watu wengi huchukua cheti wakaondoka, na utamu wote umebaki pembeni.

Jambo jingine, usitafute jina moja. Babu yako alikuwa na jina la utotoni, jandoni akatoka na jingine, akabatizwa la tatu, na karani wa mkonge akaandika la nne kwenye kipande chake cha kazi kwa jinsi sikio lilivyomwambia. Nimeona L ikigeuka N na "ch" ikigeuka "sh" ndani ya kitabu kimoja, mwandiko uleule.

Na kwa wazee usiulize mwaka. Ukiuliza mwaka utapewa mwaka wa kukuridhisha. Uliza tukio. Ilikuwa kabla ya Maji Maji au baada yake? Vita vya Mahiwa vilimkuta na umri gani? Hivyo ni Oktoba 1917. Alikuwa ameshaoa wakati wa reli ya karanga, ile ya mradi wa Waingereza, mwishoni mwa miaka ya 1940? Mama yako alikuwa na watoto wangapi mlipohamishiwa vijijini? Hapo utapata kamba ya kushika.

Dogo Ligula
Anko, si upime tu DNA? Unatema mate kwenye kichupa, unatuma Ulaya, majibu yanakuja na ramani.

Karani wa Zamani
Yatamwambia ana binamu Pemba ya Msumbiji. Jina la binamu huyo na sababu ya babu kuvuka mto, mate hayasemi.

Ustadhi Mikindani
Ndugu yangu, suala la nasaba kwenye dini lina uzito. Mirathi ina mafungu yake, na mtu asipojua nasaba yake anaweza kula haki isiyo yake. Kaa na masheikh wakupangie.

Kangomba Mstaafu
Ustadhi, mbona kasema babu alibatizwa?

Ustadhi Mikindani
Hata hivyo.

Nahodha Shangani
Mimi kuna kitu kinanikera kwenye uzi huu. Mwisho wa mwezi wa nini? Waliokufa hawana haraka. Mwenye haraka ni aliye hai. Sema unachotafuta.

Mjukuu wa Mahuta
Mkuu Nahodha, ni hamu tu. Ila sawa, kuna suala dogo la shamba. Ni la familia, mikorosho themanini na kitu. Mjomba ndiye alikuwa analitunza, amefariki mwaka juzi, sasa watoto wake wanalichuma kana kwamba ni lao peke yao. Wanatuambia sisi ni wakuja, babu yetu Mmavia, Mmakonde wa kuvuka mto, hatuna asili pale. Nikipata maandishi ya ukoo wa babu nitawafunga mdomo kwenye baraza la kijiji. Hilo tu.

Bi Mkubwa wa Chiwata
Subiri. Babu yenu ni babu yao. Akiwa mkuja, nao si wakuja? Na ardhi ile alipewa na nani?

Mjukuu wa Mahuta
Ilikuwa ya upande wa bibi. Babu alikuta bibi ana sehemu yake, wakapanda mikorosho wote wawili.

Karani wa Zamani
Basi umepanda basi la kwenda Nachingwea na wewe unakwenda Newala. Wewe mtoto wa Kimakonde hujui kwamba litawa, yaani ukoo, linafuata mama? Bibi, binti yake, mtoto wa binti yake. Huyo ni wewe. Kwa hesabu ya zamani wewe ndiye mwenyeji pale kuliko watoto wa mjomba, maana wao wamefuata litawa la mama yao. Wenzako wana hoja yao pia, siifichi: mkorosho unakaa miaka mingi, mtu aliyepanda na kupalilia humwachia mwanawe, na ilipoingia mikorosho ndipo akina baba walipoanza kurithisha watoto wao. Lakini hilo mtazungumza na baraza. Babu wa Mueda hakusaidii kitu. Unafukuza mwanaume mwenye cheti, na hati yako iko kwa mwanamke ambaye hakuna aliyemwandika.

Mjukuu wa Mahuta
Nimekuelewa mzee wangu, ila baraza linataka karatasi. Bibi hana karatasi hata moja. Ndiyo maana nilianza na babu.

Karani wa Zamani
Nani kakwambia baraza la kijiji halisikii mashahidi? Ndugu wa bibi yupi yuko hai?

Nahodha Shangani
Nasubiri jibu la hili swali.

Nahodha Shangani
Saa tano sasa. Yuko mtandaoni, taa ya kijani naiona.

Mjukuu wa Mahuta
Yupo bibi mdogo. Mdogo wake bibi, tumbo moja. Alichezwa unyago wakati reli ya karanga inajengwa, kwa hiyo hesabuni wenyewe. Akili iko sawasawa, anataja watu wa kijiji kizima na mama zao. Ila kwa sasa hatuko vizuri.

Bi Mkubwa wa Chiwata
Kwa nini?

Mjukuu wa Mahuta
Kuna mnunuzi wa kutoka Dar alionyesha nia. Nikachukua kishika uchumba, laki nane. Bibi mdogo akasikia sokoni kabla sijamweleza. Kabla hamjaanza kunirukia: sijauza, nimechukua kishika uchumba tu. Na mtoto alikuwa anadaiwa ada ya chuo, tarehe ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Na hawa watoto wa mjomba wamechuma misimu miwili bila kutupa hata kilo moja. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Kangomba Mstaafu
Ahaaa. Ndiyo mwisho wa mwezi huo.

Mama Doti
Ardhi ya wazee haiuzwi. Mimi kaka yangu aliuza kiwanja cha mama hapa Lindi mjini, tena cha kona, pesa ikaisha kwenye harusi yake ya pili. Leo mke huyo hayupo na kiwanja kina ghorofa. Kila nikipita na bajaji namwambia dereva aongeze mwendo.

Nahodha Shangani
Na hata ukitaka kuuza, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 huwezi kuhamisha haki ya kimila kwa mtu wa nje mkakubaliana chini ya mkorosho. Halmashauri ya kijiji lazima iidhinishe. Umepokea pesa ya kitu ambacho hukishiki.

Mpima Chai
Wakuu mnajibu kwa huruma sana, mimi naona chai, tena ya rangi, haina hata kitafunwa. Someni tena mwanzo. Ubatizo, Ndanda, 1904. Wamisionari wa Kibenediktini walianza Lukuledi 1895, Nyangao 1896, na zote mbili zilichomwa kwenye Maji Maji 1905. Ndanda wamefungua 1906. Sasa 1904 babu yake alibatizwa na nani pale, tumbili? Halafu kila mtu akiuliza, hadithi inaongezwa kipande. Mara hamu, mara shamba, mara bibi, mara mnunuzi. Kesho atakuja mjusi wa Tendaguru.

Dogo Ligula
Duh. Mleta mada jibu hapo.

Mtani wa Songea
Nilijua hawa watu hawana ukoo.

Kangomba Mstaafu
Mimi nilishaanza kumhurumia. Nirudishieni huruma yangu.

Mjukuu wa Mahuta
Mpima Chai, nimeenda kukichukua cheti kabatini sasa hivi, saa saba usiku, mke wangu ananiuliza kuna nini. Kimechakaa kwenye mkunjo. Kuna miaka miwili. Juu imeandikwa "natus circa 1904", chini kidogo "bapt." na 1931. Mimi nilichukua wa juu.

Karani wa Zamani
Ni Kilatini. "Natus" ni kazaliwa, "circa" ni takriban. Padri alimwangalia usoni akakadiria, ndivyo walivyofanya kwa watu wazima. Kabatizwa 1931 akiwa na miaka kama ishirini na saba. Sasa inaingia akilini: kijana wa mkonge, kabatizwa ukubwani, pengine akijiandaa kuoa. Ndoa yake isakwe 1931 na miaka ya mbele, na hapo jina la mama yake bibi yako linaweza kuwemo. Mpima Chai, umetusaidia bila kukusudia.

Mpima Chai
Nilikusudia. Bado siamini hiyo laki nane.

Bi Mkubwa wa Chiwata
Mwanangu, nenda kwa bibi yako. Chukua kilo mbili za sukari, majani, sabuni ya mche, na doti ya khanga yenye maneno ya heshima, usome kabla ya kulipa, usije ukampelekea mafumbo. Ukifika usianze na shamba. Usianze hata na ukoo. Kaa chini, mwamkie, umsikilize magoti yanavyomuuma. Na simu ya kurekodi usiiwashe mfukoni kama mpelelezi. Muombe.

Nahodha Shangani
Na umtake radhi. Hili watu wanalisahau wakishabeba sukari.

Mjukuu wa Mahuta (baada ya siku nne)
Wakuu, mrejesho. Nimetoka Tandahimba jana. Bibi mdogo aliniacha nimeketi mkekani tangu saa nne mpaka adhuhuri, anapepeta mihogo mikavu, hasemi. Nikamtaka radhi. Akasema "haya". Nikamwomba kurekodi, akakataa. Akasema niandike, maana anayeandika husikiliza.

Alitaja litawa letu, sitaliandika hapa. Akataja mama yake, kisima alichochota maji, na mti waliozikiwa watu wake kabla ya kuhamishwa. Akataja mama wa mama yake, ambaye alijificha porini mwaka wa Maji Maji akiwa na mtoto mgongoni. Akataja wa tatu, jina tu na sifa moja: alikuwa na chale za uso ambazo wajukuu walizishika kwa vidole wakati wa kulala. Kumbe sisi ndio wenyeji. Babu Mmavia ndiye aliyepewa pa kukaa kwa sababu ya bibi, na watoto wa mjomba wanalijua hilo vizuri.

Nikamuuliza wa nne. Akanawa mikono. Akasema wa nne anamjua, na yuko tayari kusimama barazani kumtaja mbele ya mwenyekiti, ila jina hilo nitalipata siku pesa ya mtu wa Dar itakaporudi mikononi mwake.

Mpima Chai
Haya wakuu, shikeni mifuko. Sasa inakuja namba ya simu ya kutumia hela.

Mjukuu wa Mahuta
Sijaomba hela ya mtu. Nauliza tu, mnunuzi atakubali kulipwa kidogokidogo? Ada ilikuwa laki tatu na nusu. Iliyobaki niliongezea kwenye pikipiki, nikasema itajirudisha yenyewe kwa bodaboda kabla msimu haujafunguliwa.

Nahodha Shangani
Pikipiki! Hiyo nayo ulikuwa umeificha wapi?

Bi Mkubwa wa Chiwata
Uza pikipiki.